Kfar Etzion: Kijiji Kilichowafungulia Walowezi Mlango

Kila ninapofundisha sheria ya maeneo yanayokaliwa kijeshi, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: ikiwa Wayahudi waliinunua ardhi kwa pesa zao, wakafukuzwa, kisha wakarudi, haramu iko wapi? Huwa namjibu kwa kumpeleka kwenye kijiji kimoja tu, Kfar Etzion, kwa sababu hapo hoja ya walowezi wa Kiyahudi ina nguvu kuliko mahali pengine popote katika Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina ambalo Israeli inalikalia tangu 1967. Ikishindwa pale, kwingine haina pa kushika.

Kijiji kiko juu ya mgongo wa milima kati ya Bethlehemu na Hebroni, zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, penye baridi kali na mashamba ya mizabibu. Msomaji wa Biblia aliyezoea habari za Ibrahimu na mialoni ya Mamre ajue ni upande huohuo. Wayahudi walijaribu kulowea hapo mara mbili wakashindwa. Kikundi cha kwanza kilikuja 1927, kikakimbia katika ghasia za 1929. Majirani Waarabu wa Beit Ummar waliwapa hifadhi kabla hawajaondolewa. Kisha akaja Shmuel Holtzmann, mkulima wa machungwa kutoka Rehovot, akanunua mashamba mwanzoni mwa miaka ya 1930, na jina la Etzion limetokana na lake. Uasi wa Waarabu wa 1936 ukamkwamisha naye.

Wakati huo Palestina ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Waingereza, kama Tanganyika yetu ilivyokuwa. Mwaka 1940 Waingereza waliweka kanuni za kuzuia Wayahudi wasinunue ardhi katika sehemu kubwa ya nchi, milima hii ikiwemo. Hata hivyo Mfuko wa Taifa wa Kiyahudi uliendelea kukusanya viwanja kwa njia za kuzunguka, na Aprili 1943 vijana wa dini, wengi wao kutoka Poland, wakaanzisha Kfar Etzion. Kilikuwa kibutzi, yaani kijiji ambacho mali na kazi ni vya wote. Mtanzania aliyeona vijiji vya ujamaa hahitaji maelezo zaidi, ila hawa walikwenda kwa hiari yao. Kufikia 1947 vibutzi vingine vitatu vilikuwa vimezaliwa jirani: Massuot Yitzhak, Ein Tzurim na Revadim.

Tarehe 29 Novemba 1947 Umoja wa Mataifa ukaigawa nchi kwenye karatasi, na vijiji vyote vinne vikaangukia ndani ya dola ya Waarabu iliyopendekezwa. Viongozi wa Kiyahudi walikubali mgawanyo huo, lakini hawakuwaondoa watu wao milimani. Mnamo Januari 1948 wanawake wenye watoto walihamishiwa Yerusalemu. Wapiganaji 35 waliotumwa kwa miguu usiku kupeleka msaada waliuawa wote njiani. Hata hivyo waliobaki hawakukaa tu wakisubiri: walishambulia misafara ya Waarabu kwenye barabara ya Hebroni, na hilo ndilo lililolifanya Jeshi la Waarabu la Jordan liamue kuvimaliza vijiji hivyo.

Shambulio lilianza 12 Mei. Siku iliyofuata Kfar Etzion kikaanguka. Kundi la waliojisalimisha lilikusanywa uwanjani, likapigwa picha, kisha likamiminiwa risasi. Jumla ya waliouawa katika siku hizo mbili inapita 120, na waliopona wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wanahistoria bado wanabishana nani alianza kufyatua, askari au wanavijiji wenye silaha waliofuatana nao. Lililo wazi ni kwamba mwezi mmoja nyuma, tarehe 9 Aprili, wanamgambo wa Kiyahudi walikuwa wameua wanakijiji wa Deir Yassin, na jina hilo lilikuwa midomoni mwa washambuliaji. Tarehe 14 Mei vibutzi vitatu vilivyosalia vikasalimu amri, watu wake wakapelekwa utekani Jordan. Siku hiyohiyo dola ya Israeli ikatangazwa. Mpaka leo Israeli huwakumbuka askari wake waliokufa tarehe 4 ya mwezi wa Iyar katika kalenda ya Kiyahudi, siku Kfar Etzion kilipoanguka.

Kwa miaka 19 Jordan ilikuwa na kambi ya jeshi mahali pale. Watoto waliohamishwa walikulia upande wa Israeli, na kutoka vilima vya Yerusalemu waliweza kuuona kwa mbali mwaloni mmoja mkubwa uliobaki. Mmoja wa watoto hao alikuwa Hanan Porat. Vita vya Juni 1967 vilipoiweka milima mikononi mwa Israeli, yeye na wenzake wakamwendea Waziri Mkuu Levi Eshkol, wakitaka kurudi nyumbani.

Kabla ya kuamua, ofisi ya Eshkol ilitaka ushauri wa mwanasheria wa Wizara ya Mambo ya Nje, Theodor Meron. Alijibu tarehe 18 Septemba 1967 kwa waraka wa siri. Hakupindapinda: kuweka raia katika maeneo hayo kunakiuka waziwazi Mkataba wa Nne wa Geneva, wa kuwalinda raia wakati wa vita, ambao kifungu chake cha 49 kinakataza nchi inayokalia ardhi ya wengine kuhamishia huko watu wake. Akaongeza kwamba ikiamuliwa lazima kuwe na makazi, basi yawe ya jeshi, tena ya muda. Kuhusu Etzion alikiri kwamba kudai watu wanarudi makwao kunaweza kusaidia kidogo.

Serikali ikachukua nusu ya ushauri. Mwishoni mwa Septemba, Porat na wenzake walipanda mlimani. Dunia ikaambiwa ni kituo cha Nahal, tawi la jeshi linalochanganya ukulima na ulinzi, hali waliopanda walikuwa raia waliokuja kuishi. Kwa maoni yangu, ujanja huo ndio urithi mkubwa wa Kfar Etzion kuliko hata damu ya 1948. Makazi kadhaa ya miaka iliyofuata yalianza kwa jina la kambi ya jeshi, mpaka Mahakama Kuu ya Israeli ilipoubana mlango huo mwaka 1979 katika kesi ya makazi ya Elon Moreh. Serikali ikahamia kwenye njia ya kutangaza mashamba kuwa ardhi ya dola.

Wanasheria wa huku kwetu wanamjua Meron kwa kazi nyingine kabisa. Ni yuleyule aliyekuwa jaji wa rufaa wa kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda zilizosikilizwa Arusha, na mwaka 2013 aliongoza jopo lililowaachia huru Mugenzi na Mugiraneza, mawaziri wawili wa serikali ya 1994. Kuanzia 2012 alikuwa pia rais wa taasisi iliyorithi mashauri hayo, yenye tawi Arusha na jingine The Hague. Umpende usimpende, huyu si mtu wa kusemwa kwamba hakuijua sheria ya vita.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wangu. Hatimiliki na mamlaka ya dola ni mambo mawili. Mimi naweza kuwa na shamba Malindi, nikawa nalo kihalali kabisa, na hilo lisiipe Tanzania haki ya kuvuka mpaka na kuanzisha kijiji cha Watanzania. Mwenye shamba anaweza kudai shamba lake. Kifungu cha 49 kinahusu kinachofanywa na serikali, wala hakiulizi shamba lilinunuliwa na nani. Halafu kuna upande wa pili ambao walowezi huupitia haraka: ikiwa mali ya kabla ya 1948 inampa mtu haki ya kurudi, basi Wapalestina walioacha nyumba Jaffa na Lydda, miji iliyo ndani ya Israeli leo, nao warudi. Sheria ya Israeli ya 1950 kuhusu mali za wasiokuwepo iliwafungia njia hiyo. Israeli yenyewe hushikilia kwamba eneo hilo halikuwa la dola yoyote halali kabla ya 1967, kwa hiyo Mkataba hauhusiki. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni ya kuikataa hoja hiyo mwaka 2004, ikarudia 2024.

Kutoka mlimani pale mambo yakakua. Februari 1974 Gush Emunim, vuguvugu la walowezi wa dini, lilizinduliwa Kfar Etzion kwenyewe, Porat akiwa mmoja wa waanzilishi, na ndilo lililosambaza walowezi hadi katikati ya miji ya Wapalestina. Karibu na ule mwaloni ukazaliwa mji wa Alon Shvut, kisha Efrat na Beitar Illit. Agosti 2014 serikali ilitangaza karibu dunam 4,000, sawa na hekta 400, za eneo hilo kuwa ardhi ya dola. Katikati ya makazi haya kuna kijiji cha Wapalestina cha Beit Zakariyyah, kilichozungukwa pande zote, ambako kupata kibali cha kujenga chumba ni shida tupu.

Kwenye meza za mazungumzo ya amani kati ya Israeli na Wapalestina, Kfar Etzion hakikuwa mwiba mkubwa. Kiko magharibi mwa barabara kuu namba 60, na mapendekezo mengi ya kubadilishana ardhi yalikiachia Israeli. Ugumu ulikuwa Efrat, uliojengwa mashariki mwa barabara hiyo, unaoibana Bethlehemu isipanuke kusini. Na kwa Efrat hakukuwa na yatima wa 1948 wa kumtanguliza.