"Sina cha kuficha" na dhana nyingine zinazowaponza wateja wangu

Kila mara mteja huniambia: "Wakili, mimi sina cha kuficha, ndiyo maana niliwaruhusu." Wakati huo polisi wa Marekani wameshapekua buti la gari lake, na upekuzi uliokubaliwa na mwenye gari ni mgumu mno kuupinga mahakamani. Nimechoka kuisikia kauli hii.

Dhana: Asiye na kosa hahitaji faragha.

Anayesema hivi anaangalia matendo yake mwenyewe tu. Mimi namwangalia aliyeshika taarifa zake, na kesho atazifanyia nini. Mwaka 1940 Wamarekani wenye asili ya Japani walijibu maswali ya sensa kama majirani zao wote. Februari 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, Rais Roosevelt alisaini amri namba 9066 iliyoruhusu jeshi kuwaondoa watu katika maeneo liliyoyatenga, na ofisi ile ile ya sensa ikalipatia jeshi majedwali ya mitaa wanayoishi. Watu wapatao 120,000 wakapelekwa katika makambi ya kuwazuilia, wengi wao raia wa Marekani. Mahakama ya Juu ikabariki kuondolewa kwao mwaka 1944, katika kesi ya Korematsu. Serikali iliomba radhi mwaka 1988, ikaahidi dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai. Hawa nao walikuwa na nini cha kuficha?

Na msiniambie hayo ni ya zamani. Juni 2013 nyaraka za siri alizovujisha Edward Snowden, aliyefanya kazi kwa mkandarasi wa ujasusi wa Marekani, zilionyesha kwamba shirika la ujasusi la NSA lilikuwa linapokea kila siku kumbukumbu za simu za wateja wa kampuni ya simu ya Verizon, wawe wanashukiwa au la. Wakubwa wakajitetea: hatusikilizi mazungumzo, tunachukua namba, saa na muda tu. Haya, chukua namba hizo. Mtu kapigiwa na kliniki ya saratani, dakika mbili. Papo hapo kampigia dada yake, wakakaa hewani saa nzima. Asubuhi kampigia wakili wa mirathi. Hakuna neno lililosikilizwa, na siri yote wanayo! Mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2015 kwamba sheria haikuruhusu ukusanyaji huo, ambao ulikuwa umeendelea kwa miaka.

Kwa hiyo, polisi akikuomba ruhusa, sema kwa utulivu: "Sikubali upekuzi." Usimzuie kwa mikono, usibishane. Mwenye hati ya jaji haombi ruhusa yako.

Dhana: Ukikaa kimya tu, haki ya kunyamaza inakulinda.

Si lazima. Katika kesi ya Salinas ya mwaka 2013, mtu ambaye hakuwa amekamatwa alijibu maswali ya polisi, akanyamaza kwenye moja, na kimya chake kikatumika dhidi yake. Tamka kwamba unatumia haki yako, kisha nyamaza.

Dhana: Madaraka ya dharura huisha dharura ikiisha.

Rais Carter alitangaza hali ya dharura kuhusu Iran Novemba 1979. Marais waliomfuata wamekuwa wakiihuisha kila mwaka.

Dhana: Sisi walibertari, tunaotetea uhuru wa mtu dhidi ya madaraka ya serikali, tunataka nchi isiyo na serikali.

Wachache, ndiyo. Wengi wetu tunataka polisi na mahakama, ila wenye mipaka inayoheshimiwa hata pale inapowakera.

Dhana: Bila hukumu ya jinai hawawezi kuchukua mali yako.

Wanaweza. Katika utaifishaji wa madai, yaani serikali kuchukua mali kwa kesi isiyo ya jinai, kesi hufunguliwa dhidi ya mali yenyewe: iko kesi ya mwaka 2006 ambayo mshtakiwa wake ni dola 124,700 zilizokutwa ndani ya gari, na serikali ilishinda bila dawa za kulevya kukutwa humo. New Mexico ilifuta utaratibu huu mwaka 2015, lakini serikali kuu bado inao. Barua yake ya taarifa hutaja siku ya mwisho ya kudai, isiyopungua siku 35 tangu itumwe. Ifungue siku hiyo hiyo na uilete kwa wakili, maana tarehe ikipita mali inaweza kwenda bila jaji kuliona faili.