Picha ya wasapu, A1 na programu za AI: tuelewane kabla sijaprinti

Wateja wangu wa picha kubwa wengi ni wa harusi na misiba, na wa msiba ndo wenye haraka, mazishi kesho saa saba mchana wanataka A1 (saizi ya bango) ya marehemu na fremu yake, halafu picha yenyewe imeshazunguka magrupu yote ya ukoo. "Wewe ikuze tu fundi, si kuna programu siku hizi?" Zipo ndio, ila hesabu kwanza.

Printi safi ya kushika mkononi inataka pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 300 kwa kila inchi, yaani A4 ni kama 2480 kwa 3508. Sasa wasapu ukituma kawaida inaibana picha, upande mrefu unabaki kama 1600 hivi, na A1 ina urefu wa inchi 33, gawanya uone: 48 kwa inchi! Hapo ndo kope zinageuka ngazi na pembeni ya kola panaota viboksi, maana JPEG, aina ya faili ya picha nyingi za simu, inabana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, ukiikuza picha na vyenyewe unavikuza. Wale wanaobadilisha dpi (namba ya pikseli kwa inchi) kutoka 72 kwenda 300 bila kuongeza pikseli wamebadili lebo ya gunia tu, mchele ni ule ule.

Kwa hiyo kabla ya programu yoyote mtafuteni aliyepiga. Atume kama dokumenti, au Google Drive, au faili lihamishwe kwa waya. Simu ya megapikseli 12 inatoa 4000 kwa 3000, kwenye A1 ni kama 120 kwa inchi, na kwa picha ya ukutani ambayo watu wanaitazama kwa mbali kidogo hiyo inatosha kabisa. (Skrinshoti ya stetasi usiniletee, nakuomba.)

Orijino imepotea? Haya, toa chenga (vile vidoti vya uchafu) kwanza, kisha kuza, kunoa, yaani kukaza kingo zionekane kali, iwe mwisho ukishafika saizi ya kuprinti, ukinoa mapema unakuza na uchafu. Photoshop ina njia ya kukuza inaitwa Preserve Details 2.0, na kama huna hela programu ya AI ya Upscayl ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta yako bila bando. Mara mbili huwa inakubali vizuri, ukienda mara nne anza kuwa na wasiwasi.

Wasiwasi wangu mkubwa ni sura. AI hairudishi kilichopotea, inabuni kinachofanana nacho, kwenye kitenge au ukuta wa nyuma hakuna atakayejua ila kwenye uso kovu la juu ya nyusi linapigwa pasi, meno yanapangwa upya, mtoto wa marehemu anakuja kuchukua picha anakuta mama wa mtu mwingine. Mimi natumia leya mbili, yaani nakala mbili za picha zinazolaliana, nguo na nyuma naiachia AI, uso naukuza kwa bicubic, njia ya zamani isiyobuni kitu, naunganisha kwa maski (inayoficha sehemu ya leya) halafu narushia chenga nyepesi picha nzima ili leya zisipishane. Naprinti kwenye kanvasi au karatasi isiyong'aa, glosi inaumbua. Na mara nyingi namshawishi mteja tushuke A3, 1600 ile ile inakuwa 97 kwa inchi na bei inapungua.

Akikomaa na A1, nakata kipande cha uso tu kwa saizi itakayokuwa nayo kwenye A1, naprinti kwenye A4, nabandika ukutani, tunarudi nyuma hatua tatu tunaangalia wote. Akisema ndiye, analipa advansi tunaendelea.