Je, wajua kwa nini Mtwara haina reli, ilhali iliwahi kuwa nayo?

Ukisema Mtwara iliwahi kuwa na treni, wengine hukataa, wengine husema basi ilikuwa ya Mjerumani. Yote mawili si kweli. Mjerumani alijenga reli ya Tanga hadi Moshi na ile ya Kati, Dar es Salaam hadi Kigoma. Ya kusini ni ya Mwingereza, na iliyoileta ni karanga.

Baada ya Vita vya Pili Uingereza ilikosa mafuta ya kula, ikapanga mashamba makubwa ya karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka 1949 treni ikafika Nachingwea kutoka Mkwaya, kwenye mkono wa bahari unaoingia ndani kutoka Lindi. Meli kubwa hazikuweza kufika Mkwaya, ndiyo maana ikachaguliwa Mtwara, yenye kina kirefu.

Kosa la tatu ndilo gumu kung'oka: kwamba karanga zilipokufa, reli ikafa nazo. Tazama miaka. Mpango wa karanga uliachwa Januari 1951. Bandari ya Mtwara na reli yake vilikamilika 1954, na tawi la Masasi likafunguliwa 1958! Treni ilifika Mtwara miaka mitatu baada ya mzigo wake kufutwa. Ilifungwa 1962, kisha reli zikang'olewa.

Iliuawa na gharama zisizopungua. Ukikodi Kosta kutoka Mtwara kwenda harusini Masasi, bei ni ileile muwe watano au thelathini. Mkiwa watano, kila mmoja ataumia. Reli ndivyo ilivyo. Mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli kuishikilia, yakipangwa kila sentimita 70, kilomita moja hubeba zaidi ya 1,400, na yote hukaguliwa hata treni isipopita. Kalvati likiziba masika, maji hula tuta, kokoto huondoka, reli hubonyea. Korosho ni mzigo mzuri, lakini hutoka kwa msimu, na lori huzifuata hadi kijijini, kisha nje ya msimu likabebe kingine.

Anayetafuta njia ya zamani asitafute chuma. Atafute tuta jembamba lenye mwinuko mdogo sana na kona pana, linalokata kilima badala ya kukipanda: treni huteleza kwenye mlima ambao lori hupanda bila shida.