Umepima mkojo, lakini umepimwa nini?

"Nimepima mkojo, figo ziko safi." Ukidadisi alipimwa nini, unaambiwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, hasa kwa watu wenye kisukari na presha, ambao ndio wanaohitaji kujua tofauti.

Tofauti yenyewe ni fupi. Anayetafuta hali ya figo kwenye mkojo anaangalia albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini. Vichujio vya figo vikiwa vizima, huizuia isipite. Ikianza kuonekana kwenye mkojo, vichujio vimeanza kuvujisha. Wala haitokani na nyama choma ya jana, kama wengine wanavyodhani.

Sasa tuje kwenye kikopo. Anayetafuta UTI anaangalia chembe nyeupe, nitriti (kemikali inayoashiria bakteria) na bakteria wenyewe. Ni kweli kwamba kile kijiti chenye miraba ya rangi kina mraba wa protini pia, na hapo ndipo watu wanaporidhika. Lakini mraba huo kwa kawaida haubadiliki rangi mpaka albumini ifike takriban miligramu 150 hadi 300 kwa lita, wakati figo la mwenye kisukari linaweza kuvujisha kiasi kidogo kuliko hicho kwa miaka, bila maumivu wala povu. Tena kijiti hudanganywa na maji: ukinywa mengi kabla ya kupima, mkojo unazimuka na albumini inaonekana chache.

Kipimo kinachoziba pengo hilo ni uwiano wa albumini na kreatinini, kwa kifupi ACR. Kreatinini ni taka ya misuli ambayo mwili huitoa kwa kiwango kisichoyumba sana, kwa hiyo albumini ikilinganishwa nayo, wingi wa maji hausumbui tena. Chini ya miligramu 30 za albumini kwa kila gramu ya kreatinini ni kawaida. Kati ya 30 na 300 ni mvujo wa mapema, ambao bado unaweza kupunguzwa kwa kudhibiti sukari na presha, mara nyingi kwa dawa za presha za jamii ya losartani. Zaidi ya 300, mvujo ni mkubwa.

Na jibu moja baya lisikutoe roho. Homa, mazoezi makali, hedhi, hata hiyo UTI yenyewe, vinaweza kupandisha albumini kwa muda, ndiyo maana kipimo hurudiwa ndani ya miezi michache. Mjamzito hayumo katika subira hiyo: protini kwenye mkojo pamoja na presha kupanda baada ya wiki ya 20 huenda ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba, aende hospitali siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ndugu yako mwenye kisukari akikwambia amepima mkojo, mwombe taratibu akuonyeshe karatasi ya maabara na mtafute herufi ACR. Zisipokuwepo, aulizie kipimo hicho kliniki ijayo. Kwake hufanywa angalau mara moja kwa mwaka, pamoja na kreatinini ya damu.