Uchoraji dhahania: kumbukumbu ikichorwa bila sura

Uchoraji dhahania ni uchoraji usioonyesha kitu kwa umbo lake. Hutaona mtu, mnazi wala jahazi la kunyooshea kidole. Kuna rangi, mistari, mikwaruzo na nafasi zilizoachwa tupu, na hivyo ndivyo vinavyobeba habari.

Kwa nini mtu anayetaka kusimulia aache sura? Chukua mfano wa maji. Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, kuanzia Newala na kuendelea, una historia ndefu ya uhaba wa maji. Maji yalikuwa mabondeni, watu wakiishi juu, na akina mama waliteremka kuyafuata kisha wakapanda nayo kichwani. Ukimchora mama mmoja na ndoo yake, umepata asubuhi moja. Lakini binti aliyeifuata njia ile miaka kumi hakumbuki asubuhi moja. Anakumbuka uzito, vumbi, shingo iliyokaza na ule mteremko usiokwisha. Akichora kwa dhahania, anaweza kujaza turubai mistari ya wima ya rangi ya udongo, imebanana hadi inakaba pumzi, na chini kabisa akaacha ufito mwembamba wa buluu. Hapo safari zote zimo.

Kumbukumbu yenyewe haifanani na picha ya kamera. Inafanana zaidi na kuta za nyumba kongwe za Mikindani, za mawe ya matumbawe na chokaa: tabaka la juu likibanduka, la zamani linachungulia. Wachoraji wengi wa dhahania hufanya kazi hivyohivyo. Hupaka rangi, wakaifunika kwa nyingine, kisha wakakwangua ili ya kwanza irudi nusunusu. Kufunika ni kusahau, kukwangua ni kukumbuka.

Huko Ulaya mtindo huu ulishika kasi mwanzoni mwa karne ya 20. Hilma af Klint wa Sweden alianza michoro ya namna hii mwaka 1906, na Wassily Kandinsky, mzaliwa wa Urusi, akaupa hoja na jina kubwa. Lakini kwetu Kusini wazo hili si geni, na inaniuma likiitwa la kizungu tu. Wachongaji wa Kimakonde, wengi wao wakiwa wamevuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wana mtindo uitwao mawingu: mpingo unachongwa mikunjo na matundu yanayotiririka, bila kulazimika kuwa mtu au mnyama. Hicho ni dhahania, ila kwa patasi.

Wapo wanaosema hata mtoto angechora hivyo. Mistari angeichora, ndiyo. Lakini muulize mchoraji kwa nini buluu ile iko chini na si juu. Aliyechora kutoka kumbukumbu ana jibu.

Na kusimulia je? Mtambaji akisema "Paukwa", hadithi haianzi mpaka wasikilizaji waitikie "Pakawa". Mchoro dhahania nao unangoja kuitikiwa. Mtu wa Kilwa ambaye hajawahi kukanyaga Newala ataitazama ile mistari ya udongo na ufito wa buluu, aone mikoko na bahari iliyokupwa mbali, siku aliyomsubiri baba yake ufukweni. Hajakosea. Ameitikia, na sasa ni zamu yake kusimulia.