Magnum Kupiga .308: Kazi Kubwa Iko Kwenye Bolti

Wawindaji wanaoniletea bunduki za .300 Winchester Magnum huwa na ombi linalofanana: wapate bunduki wanayoweza kuipiga mara kwa mara bila kufilisika na bila kuumia bega. Wengi wameshaamua dawa, nayo ni kufunga mtutu wa .308 Winchester kwenye bunduki ileile. Naliunga mkono wazo hilo kwa dhati. Mwindaji asiyepiga shabaha mwaka mzima halafu akamlenga mnyama mkubwa anamtesa mnyama huyo. Tatizo ni kwamba karibu wote wanadhani kazi inaishia kwenye mtutu.

Risasi hizi mbili zina kichwa (kipande kinachoruka) chenye kipenyo kimoja, milimita 7.82. Zinapoachana ni kwenye ganda. Ganda la .308, iliyotoka mwaka 1952, lina urefu wa milimita 51 na hubeba baruti inayokaribia gramu 3. La .300 Winchester Magnum, ya mwaka 1963, linafika karibu milimita 67 na hubeba gramu 4.5 au zaidi. Ukiwa na kichwa cha gramu 11.7, ya kwanza hutoka kwa takriban mita 800 kwa sekunde, ya pili takriban 900. Hizo mita 100 za ziada zina gharama: teke huongezeka kwa karibu nusu, mtutu huungua mapema pale mifereji inapoanzia, na kila risasi ni ghali zaidi. Porini, kwa mnyama wa mbali, gharama hiyo ina maana. Kwenye karatasi ya shabaha haina.

Hapo ndipo ninapoulizwa swali linalonitia hofu: kama kipenyo ni kimoja, si niitumbukize tu .308 kwenye chemba (nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi) ya magnum? Hapana. Kamwe! Kitako cha ganda la .308 ni milimita 12, cha magnum ni 13.5, na chemba ya magnum ni pana na ndefu kuliko ganda hilo. Risasi inalegea humo ndani bila kitu cha kuizuia mahali pake. Ikitokea kucha (ndoano ya kuvuta ganda) ya bolti, chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, ikaikamata na ikalipuka, ganda hufura na huweza kupasuka, na gesi ikarudi nyuma upande wa uso wako.

Magnum hii ilirithi mshipi wa chuma unaozunguka kitako cha ganda, kama ule wa .375 Holland & Holland ya mwaka 1912. Mshipi huo ndio unaosimamisha risasi ndani ya chemba. Risasi ya .308 haina mshipi. Inasimama kwa bega la ganda lake, pale ganda linapoanza kuwa jembamba. Mtutu mpya uliochongwa chemba ya .308 unamaliza suala hilo la mbele, lakini nyuma bado kuna bolti, ambayo kishimo cha usoni mwake kilichongwa kupokea kitako cha milimita 13.5. Weka kitako cha 12 humo uone kinavyocheza. Kucha haishiki vizuri, na ganda tupu linabaki chemba.

Kwa hiyo unahitaji kichwa cha pili cha bolti, au bolti nzima ya pili. Bunduki zilizobuniwa kubadilishwa, kama Blaser R93 na R8, zinakuruhusu kubadili mtutu, kichwa cha bolti na kipande cha magazini. Kwa bunduki za kawaida, hii ni kazi ya fundi bunduki. Mimi huvua kwanza pini ya kufyatulia na kucha kwenye bolti, ili kidole kisidanganywe na springi. Kisha naweka geji fupi, kipande cha chuma cha kupimia kina cha chemba, ndani yake: bolti inapaswa kufunga kwa uzito wa kidole tu. Naitoa, naweka geji ndefu: sasa bolti inapaswa kugoma. Ikifunga juu ya geji ndefu, bunduki hiyo haitoki karakanani.

Magazini nayo ina lake. Risasi nzima ya .308 ina milimita 71, ya magnum karibu 85, hivyo ile fupi huteleza mbele na nyuma kila bunduki inapopiga teke. Kipande cha kuziba nafasi ya nyuma kinatosha kwa bunduki nyingi. Ila kama bolti yako ni ya aina ya Mauser yenye kucha ndefu, usiingize risasi kwa mkono moja kwa moja chemba. Kucha hiyo inataka kuichukua risasi kutoka magazini, na ukiilazimisha kuruka juu ya kitako inaweza kuvunjika.

Kuna pia vifaa vya chuma vyenye umbo la ganda la magnum, vinavyobeba risasi ndogo ya bastola ndani. Kwa mita chache vinafaa. Havikufundishi kuendesha bolti, kwa hiyo mimi sivipendekezi.

Faida ya mtutu wa .308 ni kwamba triga, kitako cha bunduki na mkono wa bolti vinabaki vilevile, na mwili unajifunza bunduki yenyewe. Mwombe mwenzako achanganye risasi bandia kwenye magazini bila wewe kujua. Pini ikigonga ya bandia na ncha ya mtutu ikazama, umeona woga wako kwa macho. Endelea na .308 mpaka ncha itulie, ndipo urudi kwenye magnum.

Mezani iwepo aina moja tu ya risasi, nyingine ifungiwe. Baadhi ya nchi husajili mtutu kama silaha kamili, na zile zilizo chini ya C.I.P., tume ya kimataifa ya majaribio ya usalama wa bunduki, hudai bunduki ijaribiwe upya baada ya kubadilishwa. Maliza hayo kabla ya kununua. Darubini nayo isawazishwe upya kila mtutu unapobadilishwa, kwa risasi utakayowindia, hata kama alama zako za zamani umeziandika vizuri daftarini.