Mti ni Mti? Tunavyojidanganya Kigoma Kuhusu Miti Vamizi

"Kijani ni kijani, mti ukishaota uacheni." Kauli hii utaisikia kuanzia Mwanga hadi Ujiji, na inaingia akilini hasa ukitazama vilima vilivyomalizwa na mkaa. Lakini kijani kinaweza kuwa cha mti mmoja tu. Lusina (Leucaena), mti mzaliwa wa Mexico na Amerika ya Kati, hujichavusha wenyewe, na mbegu zake hukaa ardhini miaka zikiwa hai. Huota kwa msongamano hadi mche wa mtundu, mti wetu wa asili, ulio chini yake ukakosa jua. Ukiwa barabarani utasema ni msitu. Ingia ndani uhesabu aina za mimea, hutafika mbali.

Wengine wamekwenda upande wa pili: kila mti wa kigeni ni adui. Basi tuanze kung'oa miembe ya Ujiji? Mwembe asili yake ni Asia, na hapa umekaa bila kuvamia misitu. Kinyume chake, mhesi ni mti wa asili kule Kagera, lakini ulipopandwa Amani, milima ya Usambara, ulijisambaza kwenye msitu wa asili. Cha kuuliza ni kama mti unajizalisha bila kupandwa na kuwafukuza wenzake. Pasipoti yake si hoja.

"Tukate tu, yaishe." Hapa milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, inatufundisha. Senna spectabilis, jamaa wa mjohoro mwenye maua ya njano, ulipandwa na wanakijiji kabla eneo halijawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Ukaenea. Ukiukata na kuondoka, kisiki kinachipua machipukizi mengi, na umejiongezea kazi. Lazima urudi kuyaondoa, tena na tena. (Na wanaosema jamii hii inarutubisha udongo kwa kuwa ni ya kunde: mjohoro na huyu jamaa yake hawana kwenye mizizi vinundu vya kunasa naitrojeni, kirutubisho cha udongo.)

Hasara ambayo hatuisemi sana iko kwenye sufuria. Uyoga mwingi wa porini unaouzwa kando ya barabara wakati wa mvua huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miombo, yaani mtundu na jamaa zake. Kuvu wake hulishwa sukari na mti, nao huuletea mti maji na madini. Lusina hauwezi kushika nafasi hiyo. Miombo ikiondoka, uyoga huo nao unaondoka, hata kama kivuli kimebaki.

Dhana ya mwisho ndiyo inayoniudhi zaidi: eti miti yetu "haioti". Mche wa mninga hukauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku chini ukijenga mzizi. Mwenye shamba anaona kijiti kikavu, anakifyeka, anapanda lusina. Mvua zikianza, chunguza kwanza pale kijiti kilipokuwa. Chipukizi likitokea, lizungushie vijiti na uzuie moto usifike.